Hadithi Isiyosimulika: Game of Thrones na Kupoa kwa Shabiki wa West Bay

Mashabiki wa Game of Thrones wakiulizwa mapenzi yao yalipoa lini, wengi hutaja siku moja: 19 Mei 2019, iliporushwa sehemu ya mwisho ya msimu wa nane. Kwetu Doha ilikuwa imeshaingia Jumatatu, tarehe 20, saa kumi alfajiri, katikati ya Ramadhani. Jibu hilo naliona jepesi. Mwisho mbaya huudhi, na aliyeudhika bado anajali. Watu zaidi ya milioni moja waliotia saini ombi la kutaka msimu ule uandikwe upya walikuwa na hasira, na hasira ni dalili kwamba moyo ungali mle ndani. Kupoa ni jambo jingine, na aghalabu halina tarehe. Tamthilia iliyoanza Aprili 2011 na kufikisha sehemu 73, ambayo kwa ajili yake nilipanga usingizi wangu kwa saa za Marekani, leo siwezi kuirudia hata katika zile sehemu zilizonitoa machozi, nami nimejaribu. Maelezo ninayoyapendekeza ni haya: hadithi ile iliacha kusimulika muda mrefu kabla haijaacha kutazamika.

Neno kusimulika nalitumia kwa maana yake ya kawaida, yaani uwezo wa hadithi kuhamishwa kwa mdomo kutoka kwa aliyeiona hadi kwa ambaye hakuiona, ikafika ingali hai. Kipimo hiki sikukipata katika kitabu cha nadharia. Nilikipata kwenye nyasi za West Bay.

West Bay ni mtaa wa minara ya vioo kaskazini mwa ghuba ya Doha. Kwa Kiarabu huitwa Al Dafna, jina lenye mzizi wa kufukia, kwa kuwa sehemu kubwa ya ardhi hii ilikuwa bahari iliyofukiwa kuanzia miaka ya 1970. (Mzizi huohuo ndio uliotupa neno dafina, ila maana zimepishana njiani: wao walifukia bahari, sisi tukafukia mali.) Katika miaka ya katikati ya tamthilia hii, ndani ya lifti za minara hiyo, Mfilipino, Mhindi, Mlebanoni na Mkenya wasiojuana majina waliweza kuulizana nani atakufa Jumatatu, na wote wakaelewana. Kwa watu waliokutanishwa na mikataba ya kazi tu, hilo halikuwa jambo dogo.

Sisi wa Kiswahili tulikuwa na kikao chetu. Ijumaa jioni, katika bustani iliyo karibu na hoteli ya Sheraton, ile piramidi iliyofunguliwa 1982 kabla majirani zake warefu hawajasimama, tulikusanyika watu sita au saba: wa Mombasa, wa Kisumu, wa Unguja, wa Bukavu. Miongoni mwetu alikuwamo mzee mmoja wa Pangani, mlinzi wa zamu ya usiku, ambaye sote tulimwita Mjomba. Yeye tamthilia hakuitazama hata mara moja. Skrini ya simu, alisema, humletea usingizi, na usingizi ndio adui wa mlinzi. Alitaka asimuliwe. "Haya wajomba, leteni," alikuwa akisema huku akimimina chai kutoka kwenye chupa yake, nasi tulileta.

Nakumbuka vizuri tulivyomletea Harusi Nyekundu, sehemu ya tisa ya msimu wa tatu, ya Juni 2013. Ilituchukua jioni nzima, kwa sababu haikuwezekana kusimulia mauaji bila kurudi nyuma. Ilibidi tumkumbushe kwamba Robb Stark aliruhusiwa kuvuka daraja la Walder Frey kwa ahadi ya kumwoa binti wa nyumba ile. Ilibidi tumwambie kwamba mama yake, kwa uchungu wa kutaka wanawe warudishwe, alimwachia huru mateka aliyekuwa na thamani kuliko jeshi. Kwamba Robb alimkata kichwa mfuasi wake Karstark kwa kutenda haki, na haki hiyo ikamgharimu askari wengi. Kwamba alioa kwa mapenzi. Tulipofika hapo Mjomba aliinua kidole. "Ile ahadi ya daraja kaivunja?" Kaivunja, Mjomba. "Basi huyo keshakufa. Mmalizie tu." Dunia nzima ilikuwa ikizungumzia mshtuko wa sehemu ile, na mtu ambaye hakuwahi kuiona hata picha moja alikwisha kuuona mwisho wake. Hakushtuka hata kidogo. Alihuzunika, tena zaidi tulipomweleza kwamba wageni walikwisha kula mkate na chumvi ya mwenyeji kabla ya kuchinjwa.

Nguvu ya misimu ya mwanzo ilikuwa hapo. Sifa iliyoenea ni kwamba tamthilia ilithubutu kuwaua wapendwa, kuanzia Ned Stark katika msimu wa kwanza, na kwamba hakuna aliyejua kitakachofuata. Sifa hiyo inapotosha. Kitakachofuata kilijulikana kwa anayesikiliza vizuri. Kilichotufumba macho ni tabia yetu ya kutarajia kwamba shujaa atasamehewa deni lake. Kifo cha Ned kilitokana na hatua tatu au nne alizozichukua mwenyewe kwa uadilifu, na kila hatua unaweza kuitaja kwa sentensi moja.

Fasihi yetu inalijua jambo hili kwa jina la masharti. Maajabu katika ngano hayaji bure: kuna mlango wa saba usiofunguliwa, kuna neno lisilotamkwa njiani, kuna malipo ya kila usiku. Katika Adili na Nduguze (1952), kisa ambacho mizizi yake imo katika Alfu Lela Ulela, Shaaban Robert anamwonyesha liwali Adili akiwapiga manyani wawili kila usiku kwa amri ya jini Huria. Manyani hao ni ndugu zake, na kila kiboko kinamuumiza yeye pia. Msomaji anaweza kusahau rangi ya kasri na majina ya miji, lakini sharti lile halisahau, kwa kuwa ndilo linalogeuza ajabu kuwa kisa. Ondoa sharti, na utabaki na watu wanaogeuka manyani, jambo ambalo kompyuta za leo hulifanya kwa ustadi na bila maana yoyote.

Hapa mtu anaweza kuniuliza: Nagona je? Mzingile je? Riwaya hizo mbili za Euphrase Kezilahabi, za mwanzoni mwa miaka ya 1990, hazisimuliki kwa mtindo wa Mjomba. Mimi mwenyewe nimewahi kujaribu kumweleza mtu kisa cha Nagona na nikaishia kupunga mikono. Lakini Kezilahabi hakutuahidi mnyororo wa sababu na matokeo. Anauvunja ukurasa wa kwanza, na msomaji anaingia akijua kwamba ameingia mahali pa aina nyingine. Game of Thrones iliahidi mnyororo, ikautekeleza kwa misimu minne au mitano, ikatufundisha kuutegemea, halafu ikaendelea kutumia mandhari yaleyale na sura zilezile baada ya mnyororo kukatika.

Ulikatika wapi? Wengi huutafuta mkato huo katika tabia za wahusika. Mimi nauona kwanza katika masafa. Katika sehemu ya kwanza kabisa, mfalme Robert anawasili Winterfell baada ya mwendo wa mwezi mzima, na malkia wake amechoka na hafichi. Mwezi huo haukuonyeshwa, lakini ulikuwa na uzito: habari zilichelewa, majeshi yalifika baada ya wakati wake, mama alimkosa binti kwa siku moja. Katika msimu wa saba, wa mwaka 2017, Jon Snow na wenzake wamezingirwa na wafu juu ya jabali katikati ya ziwa lililoganda. Kijana mmoja anakimbia kurudi Ukutani, kunguru anaruka kutoka huko hadi kisiwa cha Dragonstone, kusini ya mbali, na Daenerys anapanda joka na kufika kuwaokoa, wote hao wakiwa bado wamesimama palepale. Watetezi walisema: mnakubali majoka, mnakataa kunguru mwenye kasi? Ndiyo. Majoka tuliyakubali kwa masharti, na masafa lilikuwa mojawapo ya masharti hayo.

Pengine mkazi wa Ghuba anayetoka pwani yetu ana ugumu wa kipekee katika suala hili. Ng'ambo ya ghuba, mkabala na minara, huonekana majahazi ya mbao yaliyotia nanga, siku hizi kwa ajili ya watalii. Vyombo vya aina hiyo vilisukumwa na kaskazi kutoka pande hizi hadi Lamu, Mombasa na Unguja, na vilirudi pale tu kusi ilipoanza kuvuma. Nahodha aliyechelewa kufunga hesabu zake alingoja miezi. Ndoa, madeni na lugha yenyewe vilizaliwa ndani ya kungoja huko. Leo ndege huchukua saa sita hivi kutoka Doha hadi Dar es Salaam, na bado umbali haujakoma. Umehamia katika bei ya tiketi, siku za likizo, ruhusa ya mwajiri. Mtu aliyepata habari ya msiba wa nyumbani akiwa zamuni anajua kwamba kati ya kupata habari na kufika kuna kitu kinacholipwa. Hadithi inayofuta masafa kwa kuwa inaharakisha kufika kwenye moto wa joka humfanya mtu wa namna hiyo aitazame kwa mbali, kama mtu anayesikiliza hesabu za fedha zisizo zake.

Niongeze kwamba West Bay wenyewe ni mahali ambapo ajabu haiwezi kutazamwa bila kufikiria gharama. Ukiiona minara usiku kutoka Corniche, huku mnara wa Jean Nouvel uking'aa katika vazi lake la chuma lililotobolewa, unaweza kudhani jini ameamrishwa na kasri likasimama kabla ya alfajiri. Lakini katika kikao chetu hapakuwa na mtu asiyemjua mtu aliyebeba saruji.

Nirudi kwa Mjomba. Msimu wa nane, wa sehemu sita tu, ulituangukia Ramadhani ilipokuwa karibu kuanza, na sehemu tatu za mwisho zikaingia ndani yake. Tulizitazama alfajiri, baada ya daku na sala, kisha Ijumaa baada ya tarawehe tukakaa kusimulia. Mjomba aliuliza maswali yaleyale. Kwa nini joka la pili liliuawa na meli za Euron, ilhali mwenye joka yuko juu angani na anaona bahari yote? Tulitazamana. Mmoja wa waundaji wa tamthilia, David Benioff, alikuwa ameeleza katika filamu fupi ya nyuma ya pazia kwamba Daenerys alikuwa kama amezisahau meli hizo. "Kasahau?" Ndiyo, Mjomba. Mfalme wa Usiku, aliyekuwa tishio la misimu minane, alikufaje? Alichomwa kisu. Alitaka nini hasa? Hatujui. Na huyu binti aliyetaka kuwa malkia, mbona mji ulipokwisha kusalimu amri akauchoma? Hapo wa Mombasa na wa Bukavu walianza kubishana, kila mmoja akimtungia Daenerys sababu yake, na sababu zote mbili zilikuwa nzuri, na hakuna hata moja iliyokuwamo katika tamthilia. Yaliyowahi kutuchukua jioni nzima yalikwisha kabla chai haijapoa.

Ubishi ule unastahili kuangaliwa. Watu wa Afrika Mashariki wana desturi ndefu ya kuzitengeneza upya hadithi za kigeni kwa sauti ya mtu aliye mbele yao. Katika mabanda ya video ya Dar es Salaam, Lufufu alizisimulia filamu za nje kwa Kiswahili juu ya sauti zake za asili, na mtafiti Matthias Krings ameandika juu ya sanaa hiyo; Kenya, DJ Afro amejipatia umma mkubwa kwa kazi ya jinsi hiyo. Wasimulizi hawa hawafasiri tu. Wanatia sababu pale filamu ilipoziacha, wanawapa wahusika ukoo na tamaa wanazozijua wasikilizaji. Kikao chetu kilifanya hivyo pia bila kujua, na nadhani ndicho kilichonibakisha shabiki hadi 2019, pengine miaka miwili baada ya tamthilia yenyewe kunichosha. Hata hivyo msimulizi hutengeneza upungufu. Akilazimika kutunga kila kitu, atauliza ya nini kumtumikia mwingine.

Sehemu ya mwisho ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa kuwa inaigusa kazi yetu sote tunaosoma na kuandika. Tyrion Lannister, mfungwa mwenye pingu, analetwa mbele ya baraza la mabwana lililokutana kuamua nani atatawala. Anawaambia kwamba hakuna kinachowaunganisha watu kuliko hadithi, na kwamba mwenye hadithi bora kuliko wote ni Bran. Baraza linakubali. Bran, nikumbushe, ni yule ambaye msimu wa tano mzima hakuonekana.

Tunayo picha inayofanana na hiyo. Katika Kusadikika (1951), Karama naye ni mshtakiwa aliyesimama mbele ya baraza, akituhumiwa na Waziri Majivuno kwa kuwafundisha watu elimu ya sheria. Nchi yenyewe inaelea angani. Kwa hali hiyo ni fantasia kwa kipimo chochote. Karama hatumii nafasi yake kulisifu baraza wala kuisifu hadithi. Anasimulia. Kwa siku sita anawaeleza habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, mashariki na magharibi, kaskazini na kusini, juu mbinguni na chini ardhini, waliorudi na mapendekezo ya kuifaa nchi yao na wakatupwa gerezani kwa ajili hiyo. Kila safari ina mashaka yake, na kila mrejeo una adhabu yake. Wahakiki wamelalamika, na wana haki, kwamba riwaya hii imebanwa na mafunzo na kwamba wahusika wake ni majina yanayotembea. Lakini uamuzi wa mfalme wa kumwachia Karama na kuwafungua wajumbe unaaminika, kwa kuwa sisi wasomaji tumekaa siku zilezile sita na kusikia kila neno. Tyrion anaomba matokeo ya hadithi bila kuisimulia. Anataka Bran apewe taji kwa sifa ya kisa ambacho, kama angeambiwa akisimulie pale barazani mbele ya Mjomba, angemaliza kwa dakika tatu.

Hotuba ile ilisifiwa na baadhi ya watu kuwa utetezi wa fasihi, na msimu wenyewe ulitunukiwa tuzo ya Emmy ya tamthilia bora mwaka huohuo. Kwangu ni ungamo. Hadithi iliyoishiwa huanza kujitangaza umuhimu wake.

Utetezi wa kawaida ni kwamba waandishi waliishiwa vitabu. Ni kweli kwamba George R. R. Martin, aliyeanza mfululizo wake mwaka 1996, alitoa juzuu ya tano 2011, na tangu msimu wa sita wa 2016 tamthilia ilikuwa imeyapita aliyoyachapisha. Hilo linaeleza kitu, ila si kingi. Bibi anayesimulia ngano hana kitabu, na pengine hakumbuki nusu ya alivyosikia. Anachokikumbuka ni sharti, na kutoka katika sharti hujenga usiku mzima. Walioachwa bila kitabu walikuwa na masharti yote mikononi: deni la Lannister, umbali wa Ukuta, haki ya mgeni, gharama ya uchawi. Juzuu ya tatu, A Storm of Swords ya mwaka 2000, yenye harusi ile, bado naweza kuifungua popote na kusoma kurasa ishirini kwa hamu. Picha zake siwezi, kwa sababu kila zinapoanza najua zinakoelekea, na zinakoelekea hakuna deni linalolipwa.

Ilipokuja House of the Dragon mwaka 2022 nilirudi, tena kwa matumaini ya kitaaluma. Chanzo chake, Fire & Blood ya 2018, kimeandikwa kama tarehe ya ukoo wa kifalme, na mwandishi wake wa kubuni analinganisha mashahidi wanaopingana: mtu wa dini, msomi, na mcheshi wa ikulu mwenye mdomo mchafu. Msomaji wa Habari za Pate yuko nyumbani kabisa katika kitabu cha namna hiyo. Tarehe ya Wanabhani imetufikia kwa nakala kadhaa zinazotofautiana kuhusu watawala na miaka yao, na raha ya kuisoma imo katika kutofautiana huko: mtu anajiuliza nani alisimulia hivi, na alikuwa upande wa nani. Nilitarajia tamthilia itacheza na nafasi hiyo. Ilichagua kutuonyesha kile kilichotokea kwa hakika, na kilichotokea, kila mara, ni bahati mbaya. Alicent anayafahamu vibaya maneno ya mume wake anayekata roho, na taji linabadilika mkono. Aemond anataka kumtisha mpwa wake tu, joka linamshinda, mtoto anakufa, vita vinaanza. Waandishi walitaka kuwapunguzia wahusika hatia ili tuwapende. Wamewapunguzia pia kisa. Vita vilivyozaliwa na tamaa vinasimulika vizazi na vizazi. Vilivyozaliwa na kutosikilizana vizuri huishia katika kuwahurumia wahusika.

Msimu wa pili ulianza Juni 2024. Kikao cha bustanini hakikuwapo tena. Mjomba alikuwa amekwisha kurudi Pangani, wa Bukavu yuko Kanada, na kundi letu la WhatsApp limebaki na salamu za Idi. Niliitazama sehemu ya nne, ile ya vita vya Rook's Rest, peke yangu, kwa saa ya kawaida, si alfajiri. Majoka yalipigana vizuri mno. Ya tano sikuifungua. Ilikuwa Septemba, nikitafuta kitu kingine cha kutazama, nilipogundua kwamba msimu umekwisha tangu mwanzoni mwa Agosti.